Fedha Kidogo, Njia Moja: Mwongozo wa Kuufanya Mtaa Umfae Mzee

Kikundi kinapopata ruzuku ndogo ya kuboresha mtaa kwa ajili ya wazee, ugomvi wa kwanza huwa wa orodha. Huyu anataka mabenchi, yule anataka taa, mwingine anasema wazee wapimwe presha, na mwenyekiti ana hamu ya bango kubwa pale barabarani. Mwishowe kila mmoja hupewa kipande chake, fedha inaisha, na hakuna mzee hata mmoja anayeona tofauti anapotoka nyumbani kwake. Ushauri wangu ni kwamba fedha ndogo haitoshi mtaa, inatosha njia moja. Chagueni njia ambayo wazee wengi wa mtaa wenu wanaipita, iwe ya kutoka nyumba za ndani hadi zahanati, hadi msikitini au kanisani, au hadi kwa wakala wa miamala ya simu. Kisha ishughulikieni mwanzo hadi mwisho mpaka mwenye mkongojo aipite mvua na jua, asubuhi na magharibi.

Mzee hashindwi na safari nzima, anashindwa mahali pamoja. Njia ikiwa nzuri yote halafu katikati pana mtaro wa kuruka, kwake njia hiyo haipo. Ndiyo maana mita 300 zilizokamilika zina thamani kuliko mabenchi 20 yaliyotawanywa kata nzima, hata kama mabenchi 20 yanapendeza zaidi kwenye picha za ripoti.

Mwongozo huu nimeuandika nikifikiria mitaa ya miji ya Tanzania, ambako Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na ambako sensa ya 2022 ilihesabu watu wa umri huo karibu milioni 3.5. Msomaji wa Mombasa au Bujumbura atabadilisha majina ya ofisi; mitaro na ngazi ni zilezile.

Fedha zinatoka wapi

Watu wengi huanzia halmashauri, kwa sababu wamesikia habari za asilimia 10 ya mapato ya ndani. Fungu hilo ni la mikopo, na limegawanywa: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mzee kwa uzee wake hana fungu humo. Kikundi cha vijana kinaweza kukopa kufyatua matofali na baadaye kuwauzia ninyi, lakini kibaraza cha mtaa hakizalishi marejesho, kwa hiyo msikikopee.

Ruzuku zenyewe hutoka kwingine. Baadhi ya balozi zina mifuko ya miradi midogo ya wananchi. Kanada na Japani zimefanya hivyo kwa miaka mingi. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam hutoa ruzuku kwa asasi za Tanzania. Kampuni zina mafungu ya kusaidia jamii, na taasisi za dini zina njia zake. Masharti hubadilika, hivyo soma tangazo la mwaka huu, usitegemee simulizi la aliyepata zamani. Na usiwadharau watoto wa mtaa walioko Muscat, Leicester au Minneapolis. Kundi lao la WhatsApp huchangia misiba kwa haraka ya ajabu, na likipelekewa mchoro wa njia moja na bei yake litachangia hilo pia. Wao wana mama zao mtaani humo.

Kwa mfano wa jinsi mfuko wa aina hii unavyoweza kuendeshwa, tazama Marekani. AARP, shirika la watu wa miaka 50 na zaidi, limekuwa likitoa ruzuku za miradi midogo ya mitaa tangu 2017: vivuko vya barabara, viti, bustani, vituo vya basi. Sharti lake ninalolipenda ni kwamba mradi ukamilike ndani ya mwaka uleule. Sharti hilo huua ndoto za majengo na kuwalazimisha watu wachague kitu kinachojengeka kwa miezi michache. Hata kama mfadhili wenu hana sharti hilo, jiwekeeni wenyewe.

Tembea na mzee kabla ya kuandika chochote

Hapa ndipo mradi unapopona au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usiwaite wazee ukumbini ukawauliza wana matatizo gani. Watakaa vizuri, watawashukuru vijana kwa kuwakumbuka, watasema hali si mbaya, Mungu anasaidia. Heshima inawazuia kulalamika mbele ya wageni, na kuna mambo ambayo bibi hatayataja kamwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa mfano kwamba siku ya kliniki hanywi maji tangu alfajiri kwa kuwa njia nzima haina choo cha kujisitiri. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa mwongozo wake wa 2007 kuhusu miji inayowafaa wazee, lilikusanya maoni ya wazee wenyewe katika miji 33, Nairobi ikiwemo, na likapanga mambo manane ya kuangalia, kuanzia majengo na usafiri hadi heshima na ajira. Ni kazi nzuri, ila ruzuku yenu inagusa mambo mawili, labda matatu. Kwa hayo, miguu inajibu vizuri kuliko dodoso.

Nenda nyumbani kwa mzee siku moja kabla. “Shikamoo bibi. Kesho ukienda zahanati naomba nikusindikize, nataka nione njia unayopita.” Ukiitikiwa marahaba na ukakubaliwa, fika kwa saa yake, hata ikiwa saa kumi na mbili asubuhi. Chukua futi ya kupimia, chaki, daftari na simu ya kupiga picha za ardhi. Sura yake iache. Usimshike mkono kabla hajautafuta wako. Mwache aende mwendo wake, nawe andika.

Anaposimama kupumua, piga alama ya chaki: hapo panahitaji kiti. Mahali anapoacha kuzungumza na kutazama chini, ardhi haiaminiki. Anapotafuta bega lako au ukuta wa watu, pana ngazi inayodai mhimili wa kushikilia. Akizunguka nyumba tatu kukwepa kichochoro kifupi, muulize kwa nini. Pengine ni mbwa, pengine maji machafu, pengine vijana wanaomtania. Sababu hizo tatu zina tiba tatu tofauti, na moja tu kati yake inahitaji saruji.

Kwenye kuvuka barabara tumia saa ya simu. Wahandisi wengi hukadiria kwamba mtembea kwa miguu huenda mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 12, kwa hesabu hiyo, inavukwa kwa sekunde 10. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji 15, na hizo tano za ziada ndizo pikipiki inazokuja nazo. Andika sekunde za mzee wako halisi, kwa sababu namba hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa wahusika wa barabara, nayo ina nguvu kuliko maneno “wazee wanapata shida”.

Rudia safari hiyo na wazee wengine: babu mmoja, bibi mwingine, mmoja asiyeona vizuri, mmoja anayembeba mjukuu mgongoni. Wapo wengi wa namna hiyo, na mtu aliyebeba mtoto haoni miguu yake. Halafu ipite njia ileile baada ya magharibi, na mara moja asubuhi ya mvua. Chaki zikirundikana mahali palepale, mradi wenu umekwisha kujiandika.

Kiti

Pwani hatuhitaji kufundishwa kiti cha mtaa. Tuna kibaraza. Kasoro yake ni kwamba vibaraza vingi vipya vinajengwa kwa kipimo cha kijana: chini mno, bila cha kuegemea, na mzee akikaa anahitaji watu wawili kumwinua.

Kimo kinachofaa ni sentimita 45 hivi kutoka ardhini. Fundi wa mtaani ataelewa haraka ukimwambia kwa lugha ya tofali: tofali la inchi 6 likisimamishwa kawaida lina kimo cha inchi 9, kwa hiyo kozi mbili zinatoa inchi 18, yaani sentimita 45 na ushee. Tatizo ni kwamba juu ya kozi hizo huongezwa udongo wa saruji na bamba la kukalia, na ghafla kiti kimefika sentimita 55 na miguu ya bibi inaning’inia. Mwambie azamishe kozi ya chini kiasi, kisha apime tena kutoka ardhi iliyomalizwa. Usikubali “itakuwa hapohapo”. Mkalishe mzee juu ya matofali makavu kabla hayajaunganishwa. Akiinuka bila kuyumba, endeleeni.

Kiti kiwe na mgongo, na angalau upande mmoja uwe na mkono wa kujiinulia. Mkono huo watu hukata ili kubana matumizi, wakati ndio unaotofautisha kiti cha mzee na kiti cha yeyote. Bamba la juu liwe na mteremko mdogo maji yasilale.

Kivuli kinatakiwa tangu mwanzo. Mwarobaini hukua haraka na hauna matunda ya kuvutia mawe ya watoto, lakini miaka ya mwanzo unahitaji uzio dhidi ya mbuzi, na kiti kinahitaji paa dogo la muda la makuti au bati.

Kuhusu mahali pa kiti, fikirini vizuri juu ya jinsia. Kibaraza kikijengwa jirani na wachezaji wa bao kitakuwa cha wanaume ndani ya wiki moja, na bibi atapita amesimama kama alivyopita siku zote. Cha kina mama kiwe karibu na duka, bomba la maji au mlango wa nyumba ya mama anayeheshimika. Macho ya nyumba hiyo ndiyo ulinzi wake, na vijana wa kijiwe hawatakihamia.

Kule Harare, benchi limefanyiwa kazi ambayo wengi hawakuitarajia. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mradi uliowafundisha mabibi 14 wa mtaa wa Mbare kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Leo mabibi wa namna hiyo ni wengi, na mradi umeigwa nchi nyingine. Nautaja kwa sababu waombaji wengi wa ruzuku huandika kana kwamba mzee ni mzigo wa kubebwa. Kwenye ombi lenu, onyesheni pia mzee akikaa hapo atafanya nini kwa ajili ya mtaa: kusuluhisha, kuangalia watoto wakivuka, kupokea vifurushi. Huwa kweli, na wafadhili huuliza.

Mtaro, ngazi na sakafu

Mtaro wazi ni adui namba moja, na kifuniko kibaya kinaweza kuwa adui namba mbili. Mkiweka bamba refu la zege lisiloinulika, takataka zitajaa chini, mvua za masika zitafurika majumbani, na vijana wa mtaa, kwa haki kabisa, watalivunja kwa nyundo. Fyatueni vifuniko vifupi. Kifuniko cha sentimita 80 kwa 50 chenye unene wa sentimita 8 kina uzito wa kilo 77 hivi, na watu wawili wanakiinua. Kiwe na nondo ndani, na kila upande kiwe na kishikio cha nondo kilichokunjwa na kulazwa kwenye shimo lake dogo ili kisimkwaze mtu. Kimwagilieni maji kwa siku 7 kabla ya kukikanyaga. Wavu wa chuma unapendeza siku ya uzinduzi, ila wanunuzi wa vyuma chakavu hawachelewi, zege haliuziki.

Ngazi iwe na kimo cha sentimita 15 na kina cha 30, na zote zilingane. Ngazi moja iliyopishana na wenzake kwa sentimita tatu inatosha kumwangusha mtu, kwa kuwa mguu hukariri. Ukingo wa kila ngazi upakwe rangi ya njano. Rangi hiyo ni rahisi kuliko kila kitu katika mradi, na kwa mwenye mtoto wa jicho ndiyo inayoonyesha sakafu inakoishia. Mhimili wa bomba la chuma uwe kimo cha sentimita 90, mnene wa kushikika vizuri kiganjani, na uendelee mbele kidogo baada ya ngazi ya mwisho, maana watu wengi huanguka wakidhani ngazi zimekwisha.

Mteremko wa kiti cha magurudumu unadai nafasi: kila sentimita 1 ya kupanda hutaka 12 za kwenda mbele. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa mita 1.8. Kichochoro kikiwa hakina nafasi hiyo, msijidanganye kwa kilima kifupi kikali. Ngazi mbili fupi zenye mhimili ni salama zaidi, na mwenye kiti cha magurudumu atafutiwe njia ya upande mwingine.

Halafu kuna nilu, ile saruji laini ya kung’arishia sakafu. Fundi mzuri wa Kitanzania hujivunia sakafu inayong’aa, na usipomwangalia atapiga nilu hadi njia ya kupita. Ikinyeshewa, inakuwa barafu. Mwambie mapema, tena iandikwe kwenye makubaliano: sakafu ya nje ikwaruzwe kwa ufagio mgumu kabla haijakauka, mikwaruzo ikikata njia. Atanuna kidogo.

Taa

Msikimbilie nguzo za sola. Zina mahali pake, lakini betri zake huibwa, na zikiharibika hakuna wa kuzitengeneza. Kwa njia ya mita 300 jaribuni kwanza makubaliano na wenye nyumba: mradi unanunua balbu, kishikio na waya wa taa ya nje, mwenye nyumba anaiwasha usiku. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku hula yuniti 3 na robo hivi kwa mwezi. Wengi watakubali kuibeba kwenye mita yao ya LUKU, na wachache wasioweza, mtaa uwachangie. Taa iangaze chini kwenye miguu, isimpige mzee machoni. Mtu wa miaka 70 akitoka kwenye mwanga mkali huchukua muda mrefu kuzoea giza, kwa hiyo taa nyingi za wastani zinashinda kurunzi moja kubwa.

Usalama usiojengwa kwa saruji

Tengeni sehemu ya fedha kwa mambo haya, hata ikiwa ndogo.

Kijiwe cha bodaboda ndicho kilicho karibu zaidi na mzee anapougua usiku. Kaeni na viongozi wake. Mradi ununue reflekta zenye namba kubwa za mgongoni, nao waahidi mambo mawili: kumsimamisha abiria mzee mahali palipo na kibaraza cha kupandia, na kupunguza mwendo kwenye kipande chenu cha njia. Wakivaa reflekta ya mtaa, mama wa mtaa anayo namba ya kumshtaki mtu kwa mwenyekiti wa kijiwe, na kijiwe kinajua hivyo.

Simu ni barabara nyingine yenye mitaro. Kila mtu amepata ule ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”, na kijana hucheka akaufuta. Bibi anayesubiri fedha kutoka kwa mwanawe hana sababu ya kucheka. Mpeni wakala mmoja wa njia hiyo kiti cha mteja na bango dogo la herufi kubwa: namba ya siri haipewi mtu, hata mjukuu; ukipata ujumbe wa shaka, usilipe, muulize wakala. Ujumbe wa kitapeli unatumwa kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa namba 15040. Kumfundisha mzee ana kwa ana, simu yake ikiwa mkononi mwake mwenyewe, kunashinda semina ya siku nzima yenye soda.

Tena kuna jambo ambalo miradi ya mijini hulikwepa. Katika Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kwa sababu tu macho yao ni mekundu baada ya miaka ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng’ombe jikoni. Kule Magu, Mwanza, miradi ya wazee iliwahi kuingiza majiko yanayopunguza moshi katika kazi ya kuwalinda kina bibi. Kilifi, Kenya, ambako tuhuma kama hizo mara nyingi huambatana na kugombea shamba, wazee waliokimbia nyumba zao wamehifadhiwa katika kituo cha Kaya Godoma. Kama mtaa wenu una minong’ono ya aina hiyo, hakuna kibaraza kitakachomfanya mzee ajisikie amekaribishwa. Mshirikisheni ofisa ustawi wa jamii wa kata, na majina ya wazee wanaotajwa yasiandikwe kwenye ombi wala ripoti.

Karatasi

Anzeni na mkutano wa mtaa na mpate muhtasari wenye mhuri wa mtendaji. Bila huo, mradi ni wa marafiki watano. Barua ya kila jambo linalogusa barabara ipitie mtendaji wa mtaa na wa kata hadi TARURA, wakala unaosimamia barabara za mijini na vijijini tangu 2017. Barabara kuu ni za TANROADS. Tuta la barabarani mlilojenga bila ruhusa litabomolewa, na kabla halijabomolewa litakuwa limemwumiza mgongo mzee aliyemo kwenye bajaji. Kibaraza kikiingia kwenye hifadhi ya barabara kitapata alama ya X nyekundu ya kubomolewa siku yoyote. Kikijengwa mbele ya nyumba ya mtu, pateni ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba, siyo ya mpangaji, ikieleza kwamba kitabaki wazi kwa wote hata nyumba ikiuzwa.

Ombi lenyewe liwe fupi. Ramani ya mkono yenye alama za chaki, picha za ardhi, sekunde za kuvuka barabara, bei kutoka maduka matatu, ratiba ya miezi, na jina la mtu wa kushughulikia kila kipande baada ya mfadhili kuondoka. Wekeni asilimia 10 ya dharura, kwa kuwa bei ya saruji haikusomewa ombi lenu. Fulana na uzinduzi wenye mgeni rasmi viondoeni kabisa. Mfadhili makini huvinusa haraka.

Akaunti iwe ya kikundi, yenye watia saini watatu, mmoja wao mzee wa njia hiyo. Hiyo siyo heshima ya sura: mzee anayejua kwamba saini yake inatoa fedha atakwenda kuhesabu mifuko ya saruji. Vifaa vya dukani vije na risiti ya EFD. Fundi wa mtaani kwa kawaida hana mashine, kwa hiyo mwandalieni fomu ya malipo inayoeleza kazi, siku na kiasi, aitie saini, na mwambatishe nakala ya kitambulisho chake cha NIDA. Mkaguzi akija miezi minane baadaye, fundi yule atakuwa yuko Mtwara na simu haipatikani.

Mnapolipa, msilipe yote kabla ya kutembea. Bakizeni robo ya fedha ya fundi hadi siku mzee yuleyule wa kwanza atakapoipita njia yote, wewe ukiwa nyuma na daftari lilelile. Mahali atakaposimama bila kiti, au atakapotafuta bega lako, ni kazi ambayo haijaisha. Kwenye ripoti wekeni safari mbili kando kwa kando: alichukua dakika ngapi kabla na ngapi baada, alisimama mara ngapi, alivuka barabara kwa sekunde ngapi. Hakuna mtaalamu wa tathmini atakayewapa jedwali bora zaidi kwa bei hiyo.

Mwisho, matunzo. Mtaa upange mwaka wake kwa mvua. Kila Februari, kabla ya masika, na kila Septemba, kabla ya vuli, vifuniko vyote viinuliwe na mtaro uzolewe, rangi ya njano irudiwe, mihimili itikiswe kuona ipi imelegea, na balbu zilizokufa zibadilishwe. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja kwa watu kumi, na gharama yake ni kopo la rangi, balbu chache na chai. Iandikwe kwenye ratiba ya usafi wa mtaa, ili isitegemee kumbukumbu ya mtu. Fedha ya dharura ikibaki, isirudishwe kwa haraka wala isiliwe: mwombeni mfadhili kwa barua ruhusa ya kuihamishia kwenye matunzo ya mwaka wa kwanza, na ambatisheni orodha ya nyumba zitakazoshika ufunguo wa sanduku la vifaa.